Stika Tatu kwenye Kisahani: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi. Ng'washi Mhoja

Leo, tarehe 30 Juni 2025, saa kumi kamili jioni, Bi. Ng'washi Mhoja anafunga droo ya meza yake ya ufundi na kukabidhi funguo, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Uchapaji cha Gangaben, hapa Mabatini, kwa miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuirudia. Kamati ya sherehe imemwomba Nathaniel Revocatus, mkuu wa usanifu wa kurasa na mwandishi wa wasifu huu, aandike kwa ufupi na asiropoke. Hilo la kwanza atajitahidi.

Bi. Ng'washi aliingia kwa lango lile lile la kijani mwezi Aprili 1994, akitokea Kisesa, akaajiriwa kushona madaftari. Mzee Kushal, mwenye kiwanda, ambaye alikipa jina la mama yake mzazi, anasimulia hadi leo kwamba siku ya kwanza binti huyo alimweleza bila kupepesa macho kuwa uzi unaotumika ni dhaifu na madaftari yatafumuka kabla muhula haujaisha. Mzee alikasirika kidogo. Wiki iliyofuata alibadilisha uzi.

Mwaka 1999 ikaja kompyuta ya kwanza, na fundi wa kuifundisha akaja nayo kutoka Dar es Salaam. Alifundisha siku mbili, akapanda gari akarudi kwao. Siku ya tatu kompyuta ikagoma kuwaka. Watu walisimama kuizunguka kama wamefiwa, na Mzee Kushal akaanza kuandika barua kali. Bi. Ng'washi aliomba bisibisi. Ndani alikuta waya mmoja tu umechomoka, akaurudisha mahali pake, mashine ikawaka, na ile barua ikachanwa. Tangu hapo, kila kilichogoma kilibebwa kikapelekwa kwake, ikiwemo redio ya mlinzi. Baadaye kiwanda kilimlipia kozi ya jioni pale mjini, akarudi na cheti ambacho hakukitundika ukutani hata siku moja.

Tukisema fundi, basi huyu ni fundi. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu na kujaa kila tundu walikuwa wakituulia feni za kompyuta kila msimu, mpaka yeye alipochukua chandarua kikuukuu, akakikata vipande na kufunika matundu yote. Wageni wakicheka, anawauliza kama wao hulala bila neti. Na juu ya kompyuta ya Alia, mhasibu wetu, ambaye kwa miaka mingi aliigeuza kompyuta yake meza ya chai, alibandika karatasi isemayo: "Chai unywe wewe, kompyuta imeshiba." Karatasi hiyo ipo mpaka leo, ina madoa mawili ya chai.

Ana tabia moja ambayo tulimtania nayo sana. Bi. Ng'washi husoma kila kitu. Karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, kadi ya dhamana ya pasi, na yale masharti marefu ya kompyuta ambayo mimi na wewe tunabonyeza "nakubali" huku tukitazama pembeni. Yeye huyachapa, huyaweka kando ya sahani ya chakula cha mchana, na kamusi juu yake. Tulimwita hakimu. Yeye aligeuza ukurasa.

Tabia hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye mwezi Machi 2018. Mwandishi angependa kuuruka mwezi huo, lakini haki haimruhusu.

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi na nguvu zisizo zake, na kompyuta tatu za usanifu zikafa papo hapo, ubao mama wa kila moja, ule unaounganisha vipuri vyote, umeungua. Hali ilikuwa mbaya kuliko inavyosikika. Mchapishaji mmoja wa Dodoma alikuwa akitafuta kiwanda cha kumchapia vitabu vya darasa la kwanza, la pili na la tatu, na sisi tulikuwa tunaitaka kazi hiyo kwa kufa na kupona. Vibarua kumi na wawili wa kushona vitabu walikuwa wanaisubiri, wengi wao akina mama walioanza na Bi. Ng'washi kwenye benchi moja. Mzee Kushal aliagiza vipuri, na ndani ya siku mbili Bi. Ng'washi akaunda kompyuta tatu mpya kwa mikono yake, kuanzia kasha tupu mpaka skrubu ya mwisho. Zikabaki na upungufu mmoja. Hazikuwa na leseni ya mfumo endeshi, ule ambao wengi tunauita Windows na kuishia hapo.

Kompyuta tatu zilizokufa zilinunuliwa dukani zikiwa na mfumo wao ndani, na kila moja ilikuwa na stika ubavuni yenye namba ya leseni. Mwandishi wa wasifu huu akaona njia nyeupe kabisa. Alimwambia Bi. Ng'washi abandue stika za zile zilizokufa, azibandike kwenye mpya, aandike namba, kazi iendelee. Bi. Ng'washi aliomba kwanza asome masharti. Mwandishi akasema hakuna muda wa kusoma, na akaongeza, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba marehemu hana kazi tena na kitambulisho. Watu wakacheka. Basi Bi. Ng'washi akachemsha birika la Alia, akazilainisha stika kwa mvuke mpaka zikabanduka nzima nzima, akazihamisha. Kompyuta zote tatu zikazikubali namba bila kinyongo, nasi tukapiga makofi.

Ijumaa alikula chakula chake na masharti yale pembeni. Yalisema wazi: leseni iliyokuja ndani ya kompyuta kutoka kiwandani ni ya kompyuta hiyo hiyo. Ukiiongezea kumbukumbu, ukibadili diski au feni, bado ni ile ile na leseni yake ni halali. Lakini ukiunda kompyuta mpya, ile namba ya zamani haina haki humo, hata kama mashine imeikubali. Leseni inayonunuliwa peke yake, kwenye boksi lake, ndiyo inayoweza kuhama na mwenyewe. Ya stika hufa na mashine yake.

Hakuna ambaye angejua. Lakini fomu ya mchapishaji ya kuombea kazi ile ilikuwa na mstari mmoja wa kusainiwa na fundi, kwamba programu zote za kiwanda zinatumika kihalali, na fomu ilitakiwa Dodoma Jumatano. Bi. Ng'washi akasema hasaini.

Mwandishi alikasirika, tena sana. Alimwambia anawanyang'anya wenzake ugali kwa sababu ya kijikaratasi kisichozidi upana wa vidole viwili. Alimkumbusha wale kumi na wawili kwa majina. Kisha akafanya jambo ambalo nyumbani kwao, mbele ya mama yake, asingethubutu. Aliacha kumwamkia. Kila asubuhi vijana wote wa kiwanda hupita mezani kwa Bi. Ng'washi na kusema shikamoo. Mwandishi akawa anapita kimya, shingo imekakamaa. Na kila asubuhi, bila kuinua macho kwenye kazi yake, Bi. Ng'washi aliuitikia ukimya ule: "Marahaba, Nathaniel." Kitengo kizima kilikufa kwa kicheko. Hali hiyo ilidumu siku kumi na moja za kazi.

Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile ya masharti, Bi. Ng'washi alizibandua tena zile stika, akazipanga kwenye kisahani cha chai, akaingia nazo ofisini kwa Mzee Kushal. Mwandishi alijibanza nje ya mlango, akisubiri kusikia jina lake. Bi. Ng'washi alieleza kila kitu: kilichofanyika, kwa nini si halali, na kwamba fomu ikienda hivyo itakuwa ni uongo wenye saini. Mzee akauliza nani aliagiza. Bi. Ng'washi akasema mkono uliobandua ni wake, na akaweka funguo zake za stoo kando ya kisahani. Alikuwa na watoto wawili sekondari mwaka huo. Jina la Nathaniel Revocatus halikutajwa.

Mzee Kushal aliziangalia zile stika moja moja. Kisha akamsogezea funguo zake, akauliza: "Sasa tunafanyaje, Ng'washi?"

Alikuwa amekwisha kufikiria. Kiwandani kulikuwa na kompyuta tatu za zamani zilizo hai, zenye stika zao: moja stoo, moja getini, moja kwa Alia. Alizihamishia usanifu zikiwa nzima, akazitilia kumbukumbu na diski zenye kasi alizozitoa kwenye zile mpya, na za kwao za polepole akazitia kwenye zile mpya. Zile mpya akaziwekea mfumo wa bure, ule usiodai leseni ya kununua, akazipeleka stoo, getini na uhasibu. Alia alilalamika siku mbili, ya tatu akasahau. Kisha Bi. Ng'washi akaambatanisha na fomu orodha ya kompyuta zote, moja baada ya nyingine, na chini yake akaandika kwamba leseni tatu zilitumika isivyo halali kwa siku sita na zimeondolewa. Ndipo akasaini.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja na nusu. Tulipewa kitabu cha darasa la pili peke yake. Wale kumi na wawili walipata kazi wote, ingawa ya wiki chache kuliko walivyotarajia. Mwaka uliofuata tulipewa madarasa yote matatu, na ofisa aliyekuja kukagua alitueleza kwamba katika fomu zote za msimu ule, yetu tu ndiyo iliyokuwa na fundi aliyeandika kosa lake mwenyewe. Tangu hapo hatujakosa kazi ya mchapishaji yule. Mwandishi alianza tena kumwamkia Bi. Ng'washi asubuhi iliyofuata majibu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuomba radhi.

Mwezi uliopita Kinjal, binti wa Mzee Kushal na meneja wetu wa sasa, aliuliza tumpe mstaafu zawadi gani. Wapo waliosema ng'ombe, wapo waliosema godoro. Lakini tunajua wote kwamba anarudi Kisesa kufungua ofisi yake ndogo ya kuchapa barua na kutengeneza kompyuta, kwa hiyo mwandishi alijitolea kumuundia kompyuta. Aliiunda mwenyewe, kwa jinsi alivyofundishwa na Bi. Ng'washi, hata kipande cha chandarua kwenye feni hakukisahau. Ikabaki leseni.

Kompyuta ya zamani ya Bi. Ng'washi, namba nne, inapumzishwa pamoja naye leo. Ina stika yake ubavuni, namba inasomeka vizuri, na hakuna atakayeitumia tena. Isitoshe, ingekuwa kumbukumbu nzuri. Mwandishi anakiri kwamba aliweka birika. Maji yakachemka, akayatazama, akayatazama tena. Mwisho akayatilia majani, akanywa chai. Kesho yake akapita kila kitengo akieleza jambo hili, na wafanyakazi wote, mlinzi akiwemo, wakachangia leseni ya boksi, iliyoandikwa jina la Ng'washi Mhoja. Kompyuta namba nne itabaki stoo na stika yake. Hii ya boksi inahama, Mama. Kompyuta yako ikichakaa ukaunda nyingine, utaihamisha kihalali, masharti tumeyasoma. Tuliyachapa, tukayaweka kando ya sahani.

Sasa naomba kuweka chini kalamu ya kamati na kushika yangu. Mama, kwa niaba ya Mzee Kushal, Kinjal na wenzako wote, asante kwa uzi imara, kwa vyandarua, kwa mkono uliosema ni wako wakati amri ilikuwa yangu. Kwa lugha ya kwenu, wabeja sana. Mungu akupe afya, wateja wanaolipa na usingizi wa mchana pale Kisesa, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Nilikosa mwaka ule, na nilijua nimekosa tangu nilipokuwa mlangoni. Asubuhi kumi na moja ulinipa jibu la salamu ambayo sikuitoa. Nimeileta leo, imechelewa miaka saba, naitoa mbele ya watu wote.

Shikamoo, Mama.