Karai Lililooshwa kwa Sabuni

Sogeeni, wanangu, mnitegee sikio, maana sauti hii iliyokuwa ikiita namba za oda mpaka ikasikika kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, leo haivuki hata ukingo wa kitanda. Kaka mtu, zima simu. Na wewe, kitindamimba wangu, usisimame mlangoni kama mteja anayesubiri chenji. Miaka sita nimekungoja, njoo ukae hapa miguuni pangu.

Mkahawa wetu mnaujua: meza mbili, dirisha la kutolea vifurushi, na jiko linalonguruma kama lori. Bosi Mchina aliniajiri kumenya vitunguu nikiwa na mimba yako, kaka mtu, akaniwekea kreti la soda nikae, yeye akamenya kwa kusimama. Wiki ya kwanza, kwa kutaka sifa, nililisugua karai lake la chuma la kukaangia kwa sabuni na waya mpaka likang'aa kama kioo. Sikujua kwamba ule weusi ndio utamu wenyewe, mafuta ya miaka mingi yaliyoshikamana na chuma, na kwamba karai lile husuuzwa kwa maji ya moto tu. Wali ukanata, tambi zikanata, wateja wakanuna. Mzee wa watu alicheka mpaka akashika mbavu. Akawasha moto, akapaka mafuta, akakaanga tangawizi na majani ya vitunguu, akayatupa, akapaka tena, akaniambia, "Mama, karai linasahau haraka. Binadamu ndiye mgumu." Alipozeeka akarudi kwao, aliniachia vyote, na karai akanikabidhi kwa mikono miwili.

Sasa sikieni aibu yangu. Siku ile, miaka sita iliyopita, nikiwa nimelala na homa, kitindamimba aliamka alfajiri kusafisha jiko ili nikiinuka nifurahi. Akaliosha karai. Kosa lile lile langu, wanangu, kwa nia njema ile ile. Nami nikamwita mharibifu mbele ya foleni ya wateja, nikamwambia mkono wake una nuksi, asikanyage tena jikoni kwangu. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Karai lilirudia weusi wake ndani ya wiki tatu. Mwanangu hakurudi.

Kaka mtu, mkahawa ni wenu nusu kwa nusu: wewe dirisha, dada yako jiko. Lakini karai ni lake. Usininunie, najua ni wewe uliyemwita aje, nilikusikia ukimbembeleza kwenye simu ukidhani nimelala, na moyo wangu ukakushukuru. Fundi viatu, anayetubebea mtungi wa gesi bila kuombwa, msimsahau kwa tambi zake zenye pilipili. Na atakayekosea jikoni asiaibishwe mbele ya watu. Mwiteni pembeni, mfundisheni.

Ngojeni... nivute pumzi.

Mwanangu, nipe mkono. Huo wa kulia. Hauna nuksi mkono huu, haukuwahi kuwa nayo; neno lile nalifuta mbele ya kaka yako, na Mungu alifute. Kila utakachogusa kiwe na baraka, kila atakayekula kwako ashibe... Pendaneni. Kesho washeni moto, msifunge kwa ajili yangu. Mafuta kwanza... halafu tangawizi... pole pole.

Likinata, cheka tu, mama. Bosi alicheka. Mimi... mimi sikucheka.