Mkono Ulio Kichwani Mwangu

Kaeni wanangu, kaeni kitako, na wewe kifungua mimba uliyesimama mlangoni kama askari wa benki, ingia au toka, maana macho yangu yamebakiwa na mwanga na vivuli tu, na kivuli chako kinanizibia hata hicho kidogo. Nimewaita wote watatu leo kwa sababu kesho siiamini. Dada yenu ananisuka hapa, nimemwambia aniwekee mistari kutoka kwenye kipaji cha uso hadi kisogoni, na wosia wangu una urefu wa kichwa kimoja: akifunga ncha ya mwisho nami nimemaliza, aliyesikia amesikia, aliyekuwa anachezea simu shauri yake. Naam, kitinda mimba, nakusema wewe. Izime.

Najua mnachonong'onezana. Mzee mzima, mvi tupu, aondoke duniani na mistari kama msichana wa shule. Sasa mlitaka niondoke na kichaka? Miezi yote hii ya ugonjwa nywele zimeota kama majani kwenye kiwanja chenye kesi, na kinyozi hajinyoi, wanangu, hata awe bingwa kama mimi, na bingwa ni mimi, msibishane na mgonjwa.

Nitaanza na lililoniudhi, kwa sababu nikianza na upendo nitalia na mtasema ni homa. Juzi mlikaa sebuleni mkadhani nimelala. Mtu akipofuka, masikio yake huingia kazini zamu mbili. Nilimsikia kifungua mimba akisema viti vya saluni vitolewe, vioo viuzwe, na kile chumba cha mbele kiwe stoo ya vyuma vya gereji. Dada yenu hakusema ndiyo wala hapana, kwani kazi yake tangu utotoni ni kufuta meza wengine wakigombana. Kitinda mimba yeye akauliza zile draya mbili zitakuwa za nani. Baba bado anapumua, ninyi mnapima chumba kwa futi! Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini ninyi wanangu mmekuja kabisa na beseni na taulo.

Basi sikilizeni chumba kile kilikotoka, ili atakayekibomoa ajue anabomoa nini.

Mimi niliacha shule darasa la tano, na shule ndiyo iliyopata hasara. Nikashika chuma. Nusu ya mtaa huu unalala salama nyuma ya mageti niliyochomelea mimi, na kuna mwizi mmoja, baada ya kushindwa, alirudi mchana kwa adabu zote kuniuliza natumia chuma gani. Lakini ule mwanga wa kuchomelea ulikuwa unanila macho kidogo kidogo, kama panya anavyokula mkate kwa ndani: unautazama unaona mkate upo, kumbe ni pango. Siku nilipotengeneza geti nikaweka bawaba upande wa kufuli, mwenye geti alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye, kisha nikaenda nyuma ya gereji nikasimama peke yangu. Siku ile ile nikamkabidhi kifungua mimba funguo. Mama yenu alikuwa ameshatangulia. Nikakaa nyumbani nikiwa mzima, nina mikono miwili yenye nguvu na sina pa kuipeleka, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilianza kumjibu friji.

Siku moja nikapita nyuma ya soko nikasikia vicheko. Kulikuwa na msusi, binti wa umri wa kuwa mjukuu wangu, anasuka huku anagombana na mtu aliye ng'ambo ya barabara, uso kule, vidole huku. Nikamwuliza, mwanangu, hutazami unachofanya? Akanijibu bila kugeuka.

"Babu, nywele hazitazamwi. Zinasikilizwa kwa vidole."

Neno lile liliniingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kesho yake nikarudi na kigoda changu, nikamwambia nifundishe. Mabinti wengine aliokuwa anawafundisha wakadhani nimekuja kuwachungulia. Nilijifunzia kwenye kamba za katani, kisha kwenye kichwa cha plastiki, na sitaki kujisifu, lakini nitajisifu: katika kundi lile lote hakuna aliyekata njia ya nywele ikanyooka kama yangu. Hitilafu yangu ilikuwa moja tu. Nilikuwa nakaza.

Kichwa changu cha kwanza cha mtu hai kilikuwa cha mama muuza mboga wa hapo kona. Nilikaza kila mstari kama nakaza nati ya gurudumu la lori. Nyusi zikapanda juu, zikakaribia kukutana na nywele. Mama wa watu alitembea siku kadhaa na uso wa mtu aliyepewa habari, kila mteja aliyekuja kununua mchicha anamwuliza, kulikoni, nani kafa? Usiku macho hayafumbiki, mumewe akaenda kulala sebuleni kwa hofu. Mwalimu wangu yule binti akaniita pembeni, akanishika mikono yote miwili.

"Babu, kichwa si geti. Usikaze. Mtu lazima aweze kufumba macho."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya ususi yote, wanangu, mengine ni mafuta na chanuo.

Nilipofungua saluni hapa chumba cha mbele, mtaa nao haukulala. Yule fundi wa matairi, ambaye hajawahi kuziba pancha moja ikakaa wiki, akanipachika jina: Shangazi. Shangazi hajambo, Shangazi leo unasuka nani. Mimi nikafanya nini? Nikamwita mchora vibao, nikamwambia andika kwa herufi kubwa nyekundu, SALUNI YA SHANGAZI. Tusi ukilitundika mlangoni mwenyewe halina tena pa kukupiga. Wateja walikuja kumwona mzee kipofu anayesuka, wakacheka, wakakaa, wakarudi na dada zao.

Lakini tusi lile lilimkuta kifungua mimba gerejini, na yeye hakuwa na kibao. Alipigana na fundi wa matairi mpaka akang'oka jino. Alikuja hapa damu mdomoni, wateja wangu wamejaa, akasimama palepale mlangoni anaposimama siku zote, akasema mbele yao.

"Samaki hukunjwa angali mbichi, baba. Wewe ulishakauka. Unajikunja ili watu wacheke."

Nikaendelea kusuka. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi na mtu hakimbii na kichwa cha mtu. Tangu siku ile anapita upande wa pili wa barabara. Hata binti yake, mjukuu wangu, ambaye mama yake kazi imempeleka mbali, humshusha getini akaondoka bila kuzima pikipiki. Miaka yote hii, mwanangu. Nimekutengenezea geti la maisha, nikakupa na gereji, na wewe hukuweza kunipa hata salamu ya mlangoni. Nimekasirika nawe nikiwa mzima, nimekasirika nawe nikiwa mgonjwa, na sasa nguvu za kukasirika ndizo zinaniishia, nalo linaniudhi zaidi.

Hao ni watoto pacha wa dada yenu wanalia uani. Nenda mama, nenda kawatulize, mistari mitatu imeshakaa, mimi siendi popote. Nenda tu.

Nipeni maji. Si kwa kijiko, mimi si mtoto. Haya, kwa kijiko.

Umesharudi? Haya, endelea. Mbona kimya. Polepole basi, mama, unavuta kama unang'oa magugu. Hivyo. Endelea na nyie mnisikilize, tunaingia kwenye mali.

Nyumba hii, ukiacha kile chumba cha mbele, ni ya dada yenu na wanawe pacha. Aliyefuta meza miaka yote sasa awe na meza yake, na mkigombana humu ndani awatoe nje, asifute kitu. Gereji kifungua mimba anayo tayari. Kitinda mimba, kile kiwanja cha kule bondeni ni chako, jenga kabla hujaoa, maana ukioa utajengewa maneno. Na zile draya mbili ulizoziulizia ni zako pia. Moja imeungua, nyingine inapiga watu shoti. Baraka tele.

Deni ninalo moja, na dawa ya deni ni kulipa. Siku miguu iliponikatalia nikaanguka, nilikuwa namsuka yule yule mama muuza mboga, mteja wangu wa kwanza, na nilikuwa nimefika nusu ya kichwa. Nimeambiwa mpaka leo anajifunga kitambaa. Wasusi wamejaa mtaa mzima, amekataa, anasema kichwa chake kina fundi wake. Nadaiwa nusu kichwa, wanangu. Nimelala hapa nikijaribu kunyanyua mikono niende nikaimalize, na mikono imelala kama ya mtu mwingine. Hamjui hasira hiyo. Kazi niliyoipenda kuliko zote nimekutana nayo jioni, jua linazama, na nilipoishika vizuri ndipo ninaambiwa weka chini.

Sasa saluni. Viti, vioo, kibao na jina lake, vyote vilivyomo. Nimewaza sana. Mkataa pema pabaya panamwita, na mimi sitaki kumpa mtu pema kwa kumlazimisha. Kwa hiyo nasema hivi, na kitinda mimba uwe shahidi kwa kuwa kwa kusikia umbea hujambo: saluni naiacha kwa mkono ulio kichwani mwangu sasa hivi. Mwenye mkono huo ndiye mwenye saluni, na haitakuwa stoo ya chuma hata kimoja.

Eh. Mbona mkono umesimama?

Kitinda mimba, usicheke. Mlidhani sijui? Pacha bado nawasikia uani na mama yao anawaimbia huko huko. Na kivuli pale mlangoni hakipo, mwanga unanifikia wote. Na mkono huu, wanangu, una sugu chini ya kidole cha shahada, pale panaposhikwa kishikio cha kuchomelea. Sugu kama hiyo ninayo mimi, na mwingine humu ndani mwenye nayo ni mmoja.

Usiutoe. Nimesema usiutoe mkono, mwanangu.

Si leo nilipokujua. Mjukuu wangu huja hapa na mistari kichwani, napitisha vidole, nakuta yote imeegemea kushoto, imekazwa mpaka ngozi inalia. Nikamwuliza, mama yako yuko mbali, nani anakusuka? Akasema, babu, nimekatazwa kusema. Nikamwambia basi usiseme. Nikawa kila akija namlegeza pale panjani, kando ya jicho, taratibu, nisikuharibie kazi. Tumesuka kichwa kimoja wewe na mimi miaka yote hii, wewe upande wa pili wa barabara na mimi upande huu. Samaki mkavu, eh? Na wewe ulikunjwa lini? Nani alikufundisha? Ulikuwa unachungulia dirishani kwangu, sema.

Usiseme. Suka.

Sasa huna pa kupita, saluni ni yako, maji umeyavulia nguo, yaoge. Gereji mpe kijana wako mkubwa wa kazi aishike asubuhi. Kibao usikibadilishe jina. Wakikuita Shangazi, itika. Na kazi yako ya kwanza ni ile nusu kichwa kwa mama muuza mboga. Mwombe radhi kwanza, maana utamkaza.

Mstari huu wa sasa umeupindisha. Nausikia unaelekea sikioni kama mlevi anayetafuta kwake. Fumua. Sitaki huruma, fumua uanze upya, hata kama. Hata kama nimechoka. Sikukaa kwenye kigoda na watoto wa watu wakanicheka ili nizikwe na mstari uliopinda.

Ndivyo. Hapo umeshika. Egemeza mkono kulia kidogo. Hivyo.

Mwiteni dada yenu aje, awabebe na pacha. Sogeeni. Siwaoni ila nawasikia mnavyopumua, na yupo mmoja anapumua kwa pua iliyoziba, ajifute. Mlichoniudhi nimeshakisema chote na kimebaki humu chumbani, msitoke nacho. Mikono yenu isikose kazi. Kazi zenu zisikose kicheko. Atakayewacheka naye mwisho aje kukaa kwenye kiti chenu, mumsuke vizuri. Mungu awape jioni ndefu kuliko yangu.

Umebakiza mingapi? Usinijibu. Taratibu tu.

Usikaze, mwanangu. Hapo panjani, legeza. Legeza kidogo, baba, nataka kufumba macho.