Mama Pindo, Aliyetoa Vidole Akapewa Muda

Wafiwa wenzangu, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, naomba mnivumilie nisome taratibu, maana miwani yangu ni ya zamani na mwandiko ni wangu mwenyewe, kwa hiyo taabu ni mbili. Mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, na familia imenipa kazi hii si kwa usomi wangu bali kwa kuwa nimebaki peke yangu ninayemkumbuka akiwa mtoto. Jina lake la vyeti mmelikuta limebandikwa getini, na najua wengi mmelisoma mara mbili mkijiuliza ni la nani, kwa kuwa mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pindo.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu aliyekuwa mpaka rangi, akiwa mtoto wa nne na binti wa kwanza. Mama yetu alifua nguo za watu, na kumbukumbu yangu ya kwanza ya dada yangu ni ya mchana mmoja mtulivu, mashuka yameanikwa uani safu kwa safu, upepo unayainua na kuyashusha, naye anapita katikati yake akigusa kila moja kwa kiganja, ananipotea, anatokea, ananipotea tena, wala hata leo nikifumba macho sijui kama niliyaona hayo au niliyaota.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, ile ya mabati iliyokuwa jirani na tangi la maji, akamaliza mwaka 1964, na ukweli usemwe, hesabu hazikumpenda wala yeye hakuzibembeleza, ila kwenye ushonaji mwalimu alikuwa akimwachia darasa na kwenda zake kunywa chai. Januari 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, idara ya ushonaji, akahitimu Desemba 1967.

Tarehe 2 Februari 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, ukumbi mrefu wenye madirisha ya juu, ambamo nyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga kutwa nzima, wasichana wakaingia asubuhi na nywele nyeusi wakatoka jioni wana mvi. Wenzake wa wakati huo, ambao baadhi nawaona hapa, watakumbuka kwamba mlio wa cherehani zile ulikuwa ukiwafuata hadi usingizini, na kwamba dada yangu alikuwa akishona kitandani kwa mikono mitupu huku amelala. Kiwanda kilipofungwa Septemba 1991 alihamishia kazi sebuleni kwake, na hapo ndipo jina la Mama Pindo lilipozaliwa, kwa sababu pindo lililopinda lilimnyima raha, awe mteja au mpita njia, angemsimamisha mtu kwenye foleni ya benki, akapiga magoti na pini mdomoni, na mtu asijue aanze kushukuru au kukimbia.

Alifunga ndoa tarehe 6 Mei 1972 na shemeji yangu huyu mnayemwona hapa mbele, fundi wa lifti, bwana aliyeweza kuifungua lifti ikiwa inaning'inia ghorofa ya tisa akaifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja, lakini ambaye kwa miaka hamsini hakujua chumvi nyumbani kwake inakaa wapi. Shemeji anisamehe, ila kosa si lake, ni dada yangu aliyemharibu kwa mapenzi, alimfukuza jikoni tangu wiki ya kwanza na kumpelekea kila kitu mkononi, hata vidonge vyake vya presha alivimeza bila kujua rangi ya kopo. Walijaliwa watoto wawili, kijana wao fundi umeme aliyezaliwa mwaka 1974, na binti yao mwalimu aliyezaliwa mwaka 1978, ambao nao wamewapa wajukuu watano, wote wamevaa leo nguo zenye mapindo yaliyonyooka.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nina maagizo. Dada yangu alihudhuria misiba mingi, akachoshwa na ile sentensi ya kuwa marehemu aliugua kwa muda mrefu, akaniambia kwamba nikithubutu kuisoma juu yake atainuka anizabe kofi, kwa hiyo naitaja, ilikuwa saratani, saratani ya utumbo mpana, na wa kushtuka na ashtuke. Kwa kadiri tunavyojua ilianza mwaka 2021, akiwa na miaka sabini na miwili, kwa uchovu, tumbo lililobadilika tabia na damu kidogo chooni, na yote hayo akayaita uzee, nasi tukayaita uzee, kwa sababu ukifika umri wetu kila kinachouma hupewa jina hilohilo na watu wakaendelea kula. Alipoanza kukonda alifanya jambo ambalo ni fundi cherehani tu angelifanya, akawa anazipunguza nguo zake mwenyewe, kiunoni, mabegani, kidogo kidogo, zikamkaa sawasawa siku zote, nasi tuliozoea kumsoma mtu kwa mavazi yake tukaona dada yuko vilevile. Daktari wa kwanza alipouliza kama mgonjwa amepungua, binti yake aliapa kwamba hajapungua hata chembe, wala hakusema uongo, alisema alichokiona. Baadaye dada aliniambia kwamba hakukusudia kumdanganya mtu, alitaka tu kufika jioni bila kuulizwa.

Kilichomuumbua ni kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya kidoleni, maana chuma hakipunguzwi kwa sindano, ikawa inamdondoka, inabingirika sakafuni, binti anaiokota, inadondoka tena, mpaka adhuhuri moja ya Februari 2022 binti akakishika kile kidole, akapandisha mkono wake taratibu ndani ya mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, akalia. Tarehe 3 Machi dada alifikishwa hospitali ya rufaa, Aprili akafanyiwa upasuaji, na tukaelezwa kwamba ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye utumbo na kugusa ini, kwamba kuponywa kabisa si jambo la kuahidiwa, bali kuna dawa za kuurudisha nyuma kwa muda.

Daktari wa saratani alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu, na nakiri nilimdharau kidogo mpaka alipoanza kazi, kwa sababu hakuuliza miaka ya mgonjwa, alimwomba ainuke kitini, atembee hadi mlangoni na kurudi, akamuuliza anakula nini, anasahau nini, nyumbani anaishi na nani, kisha akatueleza kwamba yeye hatibu umri, anatibu mtu, na kwamba mzee mmoja huweza kustahimili dawa inayomshinda kijana. Akaziweka njia mbili mezani, dawa ya upole ambayo ingeacha vidole salama lakini huenda ingempa muda mfupi, na dawa kali ambayo huenda ingempa muda mrefu zaidi lakini mara nyingi hufisha ganzi ncha za vidole, pengine moja kwa moja. Sote chumbani tulijua atachagua nini, kijana wake alishaanza kubishana naye kabla hajafungua mdomo, mimi nilishatoa leso, maana Mama Pindo bila vidole ni nani.

Aliomba apewe wiki moja, akarudi nyumbani, akakaa kitini akimtazama mumewe. Siku moja alimwona amesimama katikati ya jikoni na kikombe kitupu mkononi, amesimama tu, jua la saa nane limemwangukia mgongoni, kama abiria aliyeteremshwa kituo asichokijua. Wiki ilipokwisha alirudi kwa daktari akachagua dawa kali. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwamba vidole vyake ameshavitumia vya kutosha, lakini yule bwana bado hajajifunza kuishi, na akifa sasa atakuwa ameacha mtoto wa miaka themanini.

Dawa ilimwingia tone kwa tone, kila baada ya wiki mbili, katika ukumbi wenye pazia za kijani, na kwenye kile kiti alisinzia na kuota ndoto ambazo alitusimulia akiamka, ndoto ya nyumba isiyo na ukuta, vyumba vyote ni vitambaa, anapita chumba hadi chumba akisikia cherehani za kiwandani mahali fulani mbele, na mama yetu yuko upande wa pili wa shuka, kivuli chake kinaonekana, hana haraka. Alisema hakuogopa. Ganzi ilikuja kama ilivyoahidiwa, baridi ya maji ikawa inamchoma, kisha vidole vikanyamaza kabisa, siku moja alijichoma sindano na kuona damu kwenye kitambaa kabla hajajua ni yake, akaizima cherehani, akaifunika, na siku ile ndipo nilipomwona dada yangu akilia kwa ajili ya saratani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Kesho yake alihamishia kiti jikoni, mafunzo yakaanza, naye hakuwa mwalimu mpole. Shemeji aliunguza maharage, akaunguza uji, sufuria mbili zilipelekwa kwa fundi na moja haikurudi, alipika wali ambao ungeweza kujengea, lakini alijifunza, akajua kopo la presha ni la bluu, akajua sabuni ya vyombo si ya nguo, akaishia kumtungia mkewe uzi kwenye sindano na kushona kifungo chake mwenyewe, vibaya, na dada akakiacha hivyohivyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Wala hakuzipunguza nguo zake tena, aliacha gauni zimpwaye, akatoka nazo hadi dukani, majirani wakaona na kuuliza, naye akawajibu bila kificho, damu, uchovu, utumbo, baadhi wakaenda kupimwa, na mmoja wao amekaa katikati yenu kwa sababu aliwahi.

Novemba 2023 vipimo vilionyesha kwamba dawa imefika mwisho wake, daktari akamweleza yeye kwanza, si sisi, kama alivyoomba tangu mwanzo, naye akachagua nyumbani, dawa ya maumivu na dirisha wazi. Tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, mumewe alimletea uji, akanywa vijiko vichache, akasema utatosha, akageukia upande wa ukutani kama mtu anayekwenda kulala mchana, wala hakuamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyekuja na dawa nyumbani mvua ikinyesha, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliokuja kumwimbia nyimbo za zamu, na inawashukuru majirani kwa kila mkono. Mnajua kwamba akina mama wa mtaa walifika leo mapema na masufuria yao, tayari kuwapikia wageni, na wakakuta moto umeshawashwa. Chai mliyoinywa asubuhi hii, ninyi nyote, ameipika mfiwa mwenyewe, shemeji yangu, peke yake, na sukari ilikuwa sawa.

Pumzika sasa, dada, kwa amani, amejifunza.