Chakula Alichobakiziwa Doto

Wazazi wenzangu, walimu, poleni na jua. Wengi mnanijua. Ile mashine ya kukoboa mpunga inayonguruma Misunkumilo ni yangu. Shule niliishia darasa la tatu, nikaswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka hapa Katavi, na hakuna aliyenishika mkono. Nilizoea kusema hakuna kitu kinachonishinda. Leo nawaambia kilichonishinda.

Nilijaliwa mabinti mapacha, Kulwa na Doto. Masika ya mwaka juzi malaria ilimpanda Doto kichwani, akafariki. Sasa nyie wa kwetu mnajua, pacha akifa watu hawalii. Ukimlilia, aliyebaki naye atafuata. Tukazika kimya. Kulwa tukamwambia mwenzake yuko Ugalla kwa shangazi. Mke wangu alitaka kulia, nikamkataza. Mimi mwenyewe nilitamba mtaani kwamba sikutoa hata chozi.

Kulwa akaanza kula nusu sahani. Nusu anaifunika, anaiweka pembeni. Nikasema anadeka, nikamnunulia baiskeli. Hakuipanda.

Ndipo akaja yule muuguzi hapa shuleni, kuwauliza watoto mmoja mmoja wanalalaje, wanawaza nini. Nilikataa mbele ya mwalimu mkuu. "Ukoo wangu hauna kichaa."

Muuguzi akanijibu, "Baba Kulwa, nani kasema kichaa? Mwache aongee tu."

Nikakubali ili anipishe nirudi kwenye mashine yangu.

Mchana wakaniita. Kulwa alikuwa amemweleza muuguzi kwamba anajua Doto amekufa, alichungulia tukizika. Na kwamba anataka kumfuata, maana Doto yuko peke yake kule na nyumbani hakuna hata mtu aliyemlilia.

Ndugu zangu, sikilizeni. Tulinyamaza ili asimfuate mwenzake, kumbe kunyamaza kwetu ndiko kulikokuwa kunampeleka. Nilikaa chini sakafuni, na ubabe wangu wote, nikalia. Kulwa akaja kunishika shavu.

"Baba, kumbe na wewe unamtaka Doto?"

"Namtaka, mama. Namtaka sana."

Tangu hapo tunakwenda naye hospitali kuongea na wataalamu. Siku nyingine anarudi nyuma, siwafichi. Makaburini tulikwenda wote watatu, mama yake akalia mpaka sauti ikakauka. Wazee wa ukoo wamenisusa, hawaji kwangu. Sawa tu.

Namshukuru muuguzi, nawashukuru walimu, namshukuru mke wangu aliyebeba msiba ule mdomo umefungwa. Wiki ijayo wauguzi wanakuja tena kuuliza watoto. Nyie mnaonong'ona huko nyuma kwamba wanatafuta vichaa, nawaomba, waacheni wanenu waulizwe. Mimi niliyejua kila kitu sikujua kumuuliza wangu.

Juzi Kulwa kamaliza sahani yote. Mama yake akapiga kigelegele. Mimi nikatoka nje. Nilifurahi, jamani, lakini ilikuwa mara ya kwanza Doto kutobakiziwa chakula.