Farasi Asiyeshtuka

Muuguzi alikuwa ametoka zamu na alitaka kusinzia tu ndani ya basi, lakini kiti cha mbele yake kilikuwa na hadithi. Mhariri mmoja, mwenye bunda la karatasi mapajani, alikuwa akimweleza jirani yake, mama daktari wa mifugo, kuhusu kitabu anachokiandaa: hadithi tisa za makauboi, zote za kutisha. "Hii ndiyo kali kuliko zote," alisema. "Kauboi ameokota farasi nyikani, akampanda hadi kwenye nyumba iliyohamwa. Akamfunga mlangoni, akaingia. Ndani mna mzuka."

"Na farasi?" aliuliza mama daktari.

"Anakula majani, mama."

"Basi hamna mzuka humo, mwanangu. Farasi hukimbia hata mfuko wa plastiki ukipeperuka. Wamenipiga mateke miaka ishirini, nawajua."

"Akikimbia, kauboi naye atamfuata, na hadithi itaishia ukurasa wa kwanza!"

"Si ndivyo afanyavyo mwenye akili?"

Wakavutana vituo vinne, kila mmoja akishikilia lake, wala hakuna aliyekasirika. Muuguzi, ambaye usingizi ulishamruka, alijiambia kuwa haya hayamhusu ndewe wala sikio. Basi liliposimama kituoni kwake alishindwa kujizuia, akawainamia. "Samahanini, wakubwa. Labda farasi hashtuki kwa sababu amefika kwao."

Akashuka. Kupitia dirishani alimwona mhariri akipapasa mifuko kutafuta kalamu. Mama daktari alikuwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.