Bawa la Mzee Gerbrand Tuyn, Fundi wa Kinu cha Bata Mweusi

Ndugu, jamaa na majirani, mzee wetu Gerbrand Tuyn alizaliwa hapa Zaandam tarehe 3 Machi 1904, mtoto wa nne wa mpasua mbao, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1916, na hesabu hakuzipenda mpaka alipoajiriwa katika kinu cha upepo cha Bata Mweusi, mwaka 1919, akauona mhimili wenye viwiko vitatu, yaani sehemu zilizopindwa kama kiwiko cha mkono.

Upepo kazi yake ni kuzungusha tu, na msumeno unataka kupanda na kushuka, basi kiwiko kikizunguka husukuma mti uliofungwa kwake juu na kuuvuta chini, mti ukaupeleka msumeno, na gogo likawa mbao, jambo ambalo marehemu alilitazama miaka hamsini bila kulichoka, na mwaka 1947, kiwiko cha kati kilipopasuka na mwenye kinu akataka kuuza, aliomba wiki sita, akashinda kwa mhunzi hadi kikapatikana kipya.

Tarehe 14 Mei 1929 alimuoa Aagje, na desturi yetu mnaijua, kwenye furaha bawa la kinu linaloshika upepo husimamishwa kabla halijafika juu, kwenye msiba likishapita, lakini bwana harusi alikuwa na haraka zake, akachelewa kukaza breki, bawa likapita, akaliacha hivyo hivyo, na majirani wakaja harusini wamevaa nyeusi, wamebeba mikate ya msiba, ambayo hata hivyo ililiwa yote. Kila mwaka, siku ya ndoa yao ilipofika, alitaka kulisimamisha inavyopasa, Mama Aagje akakataa, akisema harusi hairudiwi, na kila alipokosea jambo nyumbani alikumbushwa lile bawa. Walijaliwa Maarten, mwaka 1931, anayeendesha kinu leo, na Grietje, mwaka 1934.

Alianza kuugua kifua Oktoba 1981, na hata kitandani alimwonyesha muuguzi kazi yake, mkono mmoja ukizunguka juu ya blanketi, mwingine ukipanda na kushuka, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 1982, moyo wake umeridhika.

Jana Maarten alikwenda kusimamisha kinu kwa ajili ya msiba, Mama akamfuata kwa miguu hadi pale.

“Lisimamishe kabla halijafika juu, mwanangu,” alisema. “Hilo ni la harusi yangu, sasa nalitaka.”

Tunamshukuru daktari, muuguzi, majirani na mafundi wenzake wa vinu, na mkitoka nje mkaliona bawa, tafadhali msimsahihishe Maarten.

Pumzika salama, mzee wetu, safari hii breki imekazwa kwa wakati.