Freti ya Pili

Benchi la kijiweni lina nafasi ya watu wanne, na mchana ule walikaa watatu: Betri, fundi redio, Hakimu, ambaye hajawahi kukanyaga mahakama lakini hukumu zake hazina rufaa, na Msasa, seremala anayetengeneza magitaa katika kibanda kinachotazamana na benchi. Muuza kahawa alichuchumaa kando ya birika lake. Mapajani pa Msasa lililala gitaa la marehemu mwenzao, wa nne wa benchi hilo, waliyemwita Kinanda. Mwaka mzima Kinanda alimwomba rafiki yake ambadilishie freti ya pili, ule waya mfupi unaovuka shingo, maana ulilika chini ya uzi wa tatu mpaka ukafanya bonde. Mwaka mzima Msasa alijibu, "Kesho." Kinanda akazikwa, kesho haijafika. Leo binti yake anakuja kulichukua.

— Mara ya tatu hii, — alisema Msasa. — Jumatatu nimeweka mpya. Leo Alhamisi, tazameni.

Betri akapitisha ukucha juu ya waya. Ukazama.

— Feki huo. Wamekuuzia shaba laini.

— Shaba? Chuma hicho, kimeninyang'anya meno ya tupa!

— Basi panya. Haba na haba hujaza kibaba.

— Panya gani anayechagua uzi mmoja, mahali palepale?

— Panya mwenye kipaji.

Wakacheka. Msasa hakucheka.

— Kesi nyepesi hii, — alisema Hakimu. — Kikulacho ki nguoni mwako. Ufunguo wa kibanda uko wapi?

— Huu hapa shingoni.

— Umeona? Unapiga mwenyewe, usingizini.

— Mimi? Gitaa sijui hata kulishika!

— Usingizini watu wanajua mengi. Lete vidole.

Msasa akanyoosha mkono wa kushoto. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kipande cha sabuni, zimesuguliwa pamoja na mbao miaka ishirini. Hakuna uzi uliowahi kuacha alama pale.

— Mshtakiwa yuko huru, — alisema Hakimu. — Na nyie mbona mnanibana? Nimebaki na tako moja.

— Sogea basi.

— Nisogee wapi?

— Mimi nawaambia, — Betri akadakia, — debe tupu haliachi kuvuma. Gitaa nalo ni debe. Linavuma lenyewe, waya unalika.

Muuza kahawa akainua kichwa, akamtazama Msasa.

— Kumbe? Mimi nilidhani umeajiri mtu.

— Mtu gani?

— Anayepiga humo kibandani. Saa nane mchana, wewe ukishakuja hapa. Napita, nasikia uzi mmoja. Tin. Kimya. Tin. Kama mtu anayejaribu kama limepona.

— Hukuchungulia?

— Kufuli liko nje, nichungulie nini?

— Na siku zote hizo hukusema!

— Nauza kahawa, kaka. Siuzi habari.

Msasa akaukamata ufunguo shingoni.

— Na leo?

— Leo kimya. Leo si umekuja nalo hapa.

Hakuna aliyelitazama gitaa.

— Mwenda tezi na omo, — Hakimu alinong'ona, — marejeo ni ngamani.

Ndiyo mara ya kwanza methali ya Hakimu kufika ilikotumwa.

Binti akatokea kwenye kona, begi begani, mwendo wa baba yake mtupu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Baba mdogo, limekuwa tayari?

Neno "kesho" lilimpanda Msasa mpaka kwenye ulimi. Akalimeza, chungu.

— Halijawa, mwanangu. Baba yako aliniomba mwaka mzima, mimi nikapiga kalenda. Sasa kila nikiweka mpya, inalika. Sijui nani anaila.

Binti akainama, akaweka kidole ndani ya lile bonde. Kilitulia humo kana kwamba kimechongewa.

— Basi liache hivi. Nitalipiga hivihivi.

Msasa akashusha pumzi aliyoibana tangu mazishi. Binti akatua begi, akapangusa jasho. Kisha akatazama benchi, pale kati ya Msasa na Hakimu, akauliza kwa adabu:

— Samahani, hapa pana mtu?

Msasa akageuka. Palikuwa na nafasi, pana ya kumtosha mtu mzima. Na Hakimu, huko mwisho wa benchi, bado alikuwa ananing'inia kwa tako moja, wala hakusogea.

Binti akasubiri, amesimama.